Usukani Ulioundwa Upya: Land Rover ya Zamani na Historia ya Mafundi Wake

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya historia ya teknolojia, gari lina siku moja kubwa, nayo ni siku lilipozinduliwa. Tunaambiwa nani alilibuni, kiwanda gani kilillitengeneza na liliuzwa katika nchi ngapi. Baada ya hapo mwandishi huhamia kwenye gari jipya linalofuata. Utaratibu huu unaacha nje sehemu kubwa ya maisha ya gari. Land Rover iliyotoka kiwandani mwaka 1960 na kuendelea kufanya kazi kwa miaka 40 au 50 imekaa mikononi mwa mafundi muda mrefu kuliko ilivyokaa mikononi mwa wahandisi waliolichora.

Insha hii inachukua kiungo kimoja tu cha gari hilo: sanduku la usukani, au stelingi boksi kama mafundi wengi wanavyoliita. Ni kiungo kidogo, kimejificha nyuma ya bawa la mbele, na abiria hawakioni. Nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndani yake tunaweza kusoma jinsi gari lilivyotumika, lilivyochakaa na lilivyofufuliwa kwa spea za magari mengine. Pili, usukani hauna msamaha. Injini iliyounganishwa ovyo itazimika njiani na watu watashuka kusukuma, lakini usukani uliounganishwa ovyo unaweza kuua. Kwa hiyo hapa ndipo swali la ujuzi wa fundi linapopaswa kujibiwa kwa umakini, bila dharau na bila sifa za bure.

Hoja yangu ni kwamba kufungua sanduku la usukani, kulibadilisha na kulijenga upya kwa vipuri vilivyotoka kwingine ni tendo la kihistoria lenye ushahidi wake, na kwamba sisi wanafunzi wa historia tunaweza kujifunza kuusoma ushahidi huo kama tunavyosoma nyaraka.

Kutoka kwenye chombo hadi kwenye gari

Neno usukani lilikuwa baharini kabla ya kufika barabarani. Kwa mabaharia wa pwani, usukani ni ule ubao wa nyuma unaoelekeza chombo, na mpini wa kuugeuzia huitwa kana. Lilipokuja gari, Waswahili hawakuhitaji kubuni neno jipya. Kwa bahati, neno hilo lilifaa kuliko ilivyoonekana, kwa sababu magari ya kwanza ya Ulaya nayo yaliongozwa kwa mpini mithili ya kana. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilikuwa na magurudumu matatu, na dereva aliligeuza gurudumu moja la mbele kwa mpini mfupi. Usukani wa duara ulionekana katika mashindano ya Paris hadi Rouen ya mwaka 1894, pale Alfred Vacheron alipoufunga kwenye gari lake la Panhard.

Magurudumu mawili ya mbele yalileta tatizo lingine. Gari likikata kona, gurudumu la ndani hupita njia fupi kuliko la nje, hivyo ni lazima yapinde kwa pembe tofauti. Tatizo hili lilikuwa limeshughulikiwa na watengenezaji wa magari ya farasi kabla ya injini kuwapo. Georg Lankensperger wa München alibuni mpangilio wa fimbo unaofanya kazi hiyo, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akaisajili hataza yake jijini London. Jina lililobaki vitabuni ni la aliyesajili, si la aliyebuni. Tangu mwanzo, basi, historia ya usukani ina mtu aliyefanya kazi na mtu mwingine aliyeandikwa.

Kadiri magari yalivyoongezeka uzito na mwendo, mikono ya dereva haikutosha. Palihitajika kitu kati ya usukani na magurudumu, cha kufanya kazi mbili: kuzidisha nguvu ya dereva, na kuzuia mapigo ya mashimo ya barabara yasirudi mikononi mwake. Kitu hicho ndicho sanduku la usukani.

Land Rover na swali la upande

Land Rover ilizaliwa katika uhaba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na deni kubwa na chuma cha pua na cha bati kiligawiwa kwa mgao, huku viwanda vilivyouza nje vikipewa kipaumbele. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya jeshi la Marekani katika shamba lake kule Anglesey. Kutokana na Jeep hiyo likaja wazo la gari la shamba lenye mabati ya aluminiamu. Gari la majaribio la mwaka 1947 lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep, na usukani wake uliwekwa katikati.

Jambo hilo linastahili kutiliwa maanani. Gari lililokusudiwa kuuzwa nje lingekwenda katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto na nyingine zinazoendesha upande wa kulia. Usukani wa katikati ungeondoa haja ya kutengeneza aina mbili. Mpango huo uliachwa kabla ya uzalishaji, na Land Rover iliyoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 ilikuwa na usukani pembeni. Hata hivyo fikra ile haikufa yote. Kwa zaidi ya miaka 20, hadi toleo la Series III lilipotoka mwaka 1971, saa na geji za Land Rover ziliwekwa katikati ya dashibodi, ili bati lile lile lifae popote usukani ulipo.

Kwa eneo letu swali la upande halikuwa la nadharia. Uganda, Kenya na Tanganyika, zilizotawaliwa na Waingereza, ziliendesha upande wa kushoto, na usukani ukawa kulia. Kongo, Rwanda na Burundi, zilizotawaliwa na Wabelgiji, ziliendesha upande wa kulia. Mpaka wa wakoloni ulipita katikati ya wasemaji wa Kiswahili, na ukapita pia katikati ya chasisi. Ng'ambo ya mpaka hata jina hubadilika, kwani palipopita Kifaransa utawasikia makanika wakisema volani.

Ndani ya sanduku

Ili tuelewe kazi ya fundi, ni lazima tulifungue sanduku lenyewe. Sanduku la Land Rover za zamani, la aina ya Burman, lina skrubu nene iliyounganishwa na mti wa usukani. Dereva akizungusha usukani, skrubu inazunguka. Juu ya skrubu kuna nati kubwa, lakini nati hii haigusi mifereji ya skrubu moja kwa moja. Kati yake kuna gololi za chuma. Gololi hubingirika kwenye mifereji, hupita katika njia iliyo kwenye nati na kurudi zilikotoka, na mzunguko huo hauishi. Kwa kuwa zinabingirika badala ya kusuguana, usukani unakuwa mwepesi. Nati inapopanda au kushuka juu ya skrubu, inasukuma mkono wa shafti fupi inayotoka kando ya sanduku. Shafti hiyo ndiyo inayosogeza fimbo za nje.

Katika Land Rover kuna hatua nyingine ambayo magari mengi hayana. Fimbo inayotoka kwenye sanduku haifiki moja kwa moja kwenye gurudumu. Inakwenda mbele hadi kwenye bomba lililopachikwa wima ndani ya boriti ya mbele ya chasisi, na mle ndani kuna shafti, bushi zilizopasuliwa na springi yenye nguvu inayozibana. Kutoka hapo ndipo fimbo nyingine inavuka kwenda kwenye gurudumu. Springi ile ina sifa mbaya miongoni mwa mafundi. Mtu akilifungua bomba hilo bila kuifunga kwanza springi, inaruka kwa nguvu za kutosha kumjeruhi vibaya. Ujuzi wa namna hii haukutoka darasani. Ulipita kutoka kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi wake, mara nyingi kwa onyo moja tu: usiweke uso hapo.

Namna chuma kinavyoandika

Sanduku la usukani halichakai sawasawa. Gari hutumia muda mwingi likienda mbele moja kwa moja, na dereva hufanya marekebisho madogo ya kushoto na kulia. Kwa hiyo nati hukaa katikati ya skrubu karibu muda wote, na mifereji ya katikati huliwa huku ile ya mwisho ikibaki kama mipya. Matokeo yake ni kile ambacho madereva wanakijua vizuri: usukani unacheza. Unazungusha kiasi, na magurudumu bado hayajajibu.

Fundi asiye na uzoefu hukaza skrubu ya marekebisho iliyo kando ya sanduku mpaka usukani uache kucheza. Katikati mambo yanakuwa mazuri. Lakini dereva akifika kona kali, nati inafika kwenye mifereji ambayo haijaliwa, nafasi inakosekana, na usukani unang'ang'ania. Gari linakataa kunyooka baada ya kona. Fundi mzoefu hufungua kwanza, anaosha, anaipitisha nati kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho wa skrubu, na anasikiliza kwa vidole inapokaza na inapolegea.

Kwa mwanahistoria, kipimo hicho cha vidole ni usomaji wa chanzo. Skrubu iliyoliwa katikati pekee inasimulia safari ndefu za barabara iliyonyooka. Shafti yenye kutu na mikwaruzo inasimulia miaka ambayo sili ya oili ilivuja na hakuna aliyeongeza oili ya gia. Bushi ya shaba iliyokerezwa kwa mkono, ambayo haina namba ya kiwanda, inasimulia wakati ambao spea haikupatikana dukani. Hakuna hata moja kati ya habari hizi iliyoandikwa kwenye kadi ya gari.

Miaka ya uhaba

Kwa nini spea hazikupatikana? Hapa historia ya kiungo kidogo inakutana na historia ya nchi.

Nchini Uganda, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Biashara nyingi za uagizaji, zikiwamo za magari na spea, zilikuwa mikononi mwao. Maduka yaligawiwa watu wengine, lakini mikopo, mawasiliano na viwanda vya nje, na ujuzi wa kuagiza havikugawika kwa amri. Bidhaa zilipungua na magendo yakashamiri. Tanzania nayo iliingia miaka ya 1980 ikiwa imebanwa na gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni. Kuagiza nati moja kutoka Uingereza kulihitaji fedha ambazo nchi haikuwa nazo hata kwa dawa. Kenya ilikuwa na nafuu, na Land Rover ziliunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland kilichoanzishwa miaka ya 1970. Hata hivyo mtu mwenye gari la zamani hakuwa mteja anayefikiriwa kwanza na kiwanda kinachounganisha magari mapya.

Katika mazingira hayo magari yaliyokufa yaliyapa uhai yaliyobaki. Maeneo kama Katwe na soko la Kisekka jijini Kampala, Gerezani jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na Gatsata jijini Kigali yamejulikana kwa gereji, karakana au spea zilizokwisha tumika. Mtu wa nje akipita huko huona chuma chakavu. Fundi huona ghala.

Hatua tatu za kuchanganya

Kujenga upya sanduku kwa spea za kuchanganya si jambo la aina moja. Nitaligawa katika hatua tatu, kwa kuwa kila hatua ina ujuzi wake na hatari yake.

Hatua ya kwanza ni kuunganisha masanduku mawili au matatu ya aina moja ili kupata moja zima. Nyumba ya sanduku inatoka hapa, skrubu inatoka kule, shafti inatoka kwingine. Hili linaonekana rahisi kwa sababu vipuri vinalingana. Ugumu uko kwenye gololi. Fundi akiongeza gololi chache mpya katikati ya zile za zamani, zile mpya, ambazo ni nene kwa tofauti isiyoonekana kwa macho, hubeba mzigo wote peke yake. Zitavunjika mapema au zitachimba mifereji. Kanuni ni kubadilisha gololi zote kwa pamoja na kwa kipimo kimoja. Vilevile kuna vipande vyembamba vya bati vinavyowekwa chini ya kifuniko ili kupanga mkazo wa beringi za skrubu. Vipande vilivyolifaa sanduku la kwanza havilazimiki kulifaa sanduku lililochanganywa. Ni lazima fundi apime upya.

Hatua ya pili ni kutengeneza kilichokosekana. Mkerezaji mwenye mashine nzuri anaweza kutoa bushi mpya ya shaba inayokaa vizuri kuliko bushi kuukuu ya kiwanda. Lakini si kila kitu kinachoweza kutengenezwa kinapaswa kutengenezwa. Mkono wa usukani na fimbo zake vilifuliwa kwa chuma maalumu na kupewa ugumu kwa moto uliopimwa. Ukivichomelea, joto la kuchomelea hubadilisha ugumu ule kandokando ya mshono, na ufa unaweza kuanzia hapo bila kuonekana. Mafundi bora hukataa kuchomelea mkono wa usukani hata mteja akiwasihi. Kukataa huko ni sehemu ya ujuzi sawa na kutengeneza.

Hatua ya tatu ni kuleta sanduku la gari jingine kabisa. Sababu ya kawaida ni kutaka usukani mwepesi wa haidroli. Land Rover za Series ziliuzwa bila usaidizi huo, na ukifunga matairi mapana au injini nzito ya dizeli, kuligeuza gari lililosimama huwa kazi ya mabega. Uingereza watu wamechukua masanduku ya haidroli kutoka Range Rover za zamani na Land Rover za baadaye. Marekani, ambako vipuri hivyo ni adimu, wapenzi wa gari hili wamelitumia sanduku la Saginaw kutoka gari aina ya Scout II. Kanuni ni ile ile ya Katwe: unatumia kilicho karibu nawe.

Hatua hii inadai fikra za mhandisi. Sanduku jipya linahitaji mahali pa kufungwa kwenye chasisi, na mahali hapo pasiponenepeshwa kwa bati la ziada, chasisi itapasuka kwa nguvu za haidroli. Mti wa usukani lazima ukatwe na kuungwa kwa viungio vinavyopinda. Fimbo lazima ikae kwa pembe inayopatana na mwendo wa springi za majani. Isipokuwa hivyo, kila gari likiruka shimo litajigeuza lenyewe kidogo. Na kuna mtego mkubwa kuliko yote. Masanduku hutofautiana katika upande ambao mkono wake huelekea usukani unapozungushwa. Mtu akilifunga sanduku bila kulifikiria hilo, atazungusha usukani kulia na magurudumu yataelekea kushoto. Kosa hilo linajulikana gari likiwa bado juu ya jeki, kwa fundi mwenye busara.

Usukani unaovuka mpaka

Kuna sababu nyingine ya kubadilisha sanduku inayohusu nchi zetu moja kwa moja, nayo ni kuhamisha usukani kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Burundi huendesha kulia, lakini barabara zake zimejaa magari ya Kijapani yenye usukani wa kulia, yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuendeshwa kushoto. Rwanda, mwanzoni mwa karne hii, ilizuia kuingiza magari ya namna hiyo, kisha baadaye ikalegeza kwa malori makubwa kwa sababu ya biashara na majirani. Sababu ya kuzuia inaeleweka. Dereva aliyekaa upande wa ukingo wa barabara haoni mbele vizuri anapotaka kulipita lori.

Katika gari la kisasa kuhamisha usukani ni kazi kubwa, kwa kuwa dashibodi, nyaya na injini vimepangwa kwa upande mmoja. Land Rover ya zamani iko karibu zaidi na fikra ya mwaka 1947. Bati lake la mbele na dashibodi yake vilibuniwa kwa kujua kwamba usukani unaweza kukaa huku au kule. Hata hivyo orodha ya spea ya kiwanda hutenganisha sanduku la kulia na la kushoto, na fundi anayehamisha upande hawezi kulichukua lile lile akalipindua tu. Anahitaji gari la pili la kumpa vipuri. Hivyo Land Rover moja inaweza kuwa na mwili wa nchi moja na usukani wa nchi nyingine.

Je, bado ni gari lile lile?

Swali hili linaulizwa na watoza magari wa Ulaya, na limejibiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya serikali. Kwa miaka mingi mamlaka ya usajili ya Uingereza ilitumia mfumo wa pointi kuamua kama gari lililobadilishwa sana lilistahili kubaki na namba yake ya zamani. Chasisi ya asili ilikuwa na pointi 5. Springi na mfumo wake, ekseli, giaboksi na usukani vilikuwa na pointi 2 kila kimoja, na injini ilikuwa na pointi 1. Gari lilihitaji angalau pointi 8. Tazama mizani hiyo: usukani ulihesabiwa mara mbili ya injini katika utambulisho wa gari. Jibu la pili ni la vyama vya magari ya kale, ambavyo mwaka 2012, kupitia shirikisho lao la kimataifa FIVA, vilipitisha Hati ya Turin. Hati hiyo iliazima fikra kutoka Hati ya Venice ya mwaka 1964 kuhusu majengo ya kale, na inasisitiza kuhifadhi ushahidi wa historia ya gari badala ya kulirudisha tu katika hali ya upya.

Nikiitumia fikra hiyo kwetu, napata jibu ambalo watoza wengi hawangelitarajia. Mtu akinunua Land Rover iliyofanya kazi Afrika Mashariki kwa miaka 40, akaitoa bushi ya shaba iliyokerezwa Kampala na kuweka ya kiwanda ili gari liwe la asili, amefuta ukurasa. Uasili wa mwaka 1960 umerudi, lakini uasili wa mwaka 1978 umetupwa kwenye pipa. Gari halisi la eneo letu ni lile lililochanganywa.

Hapa ni lazima nijibu pingamizi la haki. Je, si kweli kwamba baadhi ya michanganyiko hiyo ilikuwa ya hatari, na kwamba kuisifu ni kupamba umaskini? Ni kweli kwamba ilikuwepo ya hatari. Mkono uliochomelewa hauwi salama kwa sababu tu uchumi ulikuwa mbaya. Lakini pingamizi hilo linathibitisha hoja badala ya kuivunja. Ikiwa michanganyiko mingine ilikuwa salama na mingine haikuwa, basi tofauti ilikuwa ujuzi. Na ujuzi una historia: nani aliupata, alifunzwa na nani, aliupitisha kwa nani, na kwa kanuni zipi alikataa kazi fulani. Anayesema mafundi wote walibahatisha tu, na anayesema wote walikuwa vipaji vya ajabu, wote wawili wamekwepa kuchunguza.

Kazi iliyopo mbele ya wanahistoria

Wasomi wameanza njia hii. Kenneth King aliandika kuhusu mafundi wa Kiafrika mwaka 1977, miaka michache baada ya ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya kuufanya uchumi usio rasmi uzungumzwe. David Edgerton, katika kitabu chake cha mwaka 2006, alidai kwamba historia ya teknolojia izingatie matumizi na matengenezo, si uvumbuzi pekee, na akachukua mfano wa mafundi magari wa Ghana. Joshua Grace alichapisha mwaka 2021 kitabu kinachohusu magari nchini Tanzania na kuwapa mafundi wa gereji nafasi kubwa. Kazi hizi zote zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa sehemu kubwa ya ujuzi unaozungumziwa uliishi katika Kiswahili na lugha nyingine za hapa kwetu.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapokuwa na la kuchangia. Maneno ya gereji ni kumbukumbu. Gololi, neno ambalo watoto wanalitumia kwa mchezo, limekuwa jina la kipuri. Usukani umetoka kwenye jahazi. Chasisi, bushi, springi na beringi zimekuja na gari lenyewe na kuvikwa sauti zetu. Anayeyakusanya maneno haya pamoja na maelezo ya kazi, mpaka mmoja hadi mwingine, atakuwa anakusanya historia ya mafunzo ambayo haikuwa na chuo wala cheti.

Muda nao si mwingi. Utengenezaji wa Defender, mrithi wa moja kwa moja wa Land Rover za Series, ulikoma Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya magari zaidi ya milioni 2. Magari mapya yana usukani unaosaidiwa na mota ya umeme na kudhibitiwa na kompyuta, na fundi anayeyatengeneza anahitaji chombo cha kusoma hitilafu kabla ya spana. Mafundi waliojifunza kazi katika miaka ya uhaba ni wazee sasa. Masanduku waliyoyajenga bado yapo, lakini sanduku haliwezi kueleza kwa nini bushi ilikerezwa na haikununuliwa, wala nani alisema usiweke uso hapo.

Hitimisho

Insha hii imefuatilia sanduku la usukani la Land Rover kutoka kwenye usukani wa katikati wa mwaka 1947 hadi kwenye michanganyiko ya spea iliyoliweka gari hilo barabarani baada ya kiwanda kuacha kulifikiria. Tumeona kwamba uchakavu wake una mpangilio unaosomeka, kwamba kulijenga upya kuna hatua zenye viwango tofauti vya ujuzi na hatari, na kwamba sababu za kuchanganya spea zinapatikana katika siasa na uchumi wa nchi zetu na katika mpaka uliotenganisha kulia na kushoto. Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili yanayowezekana hata kwa mwanafunzi asiye na ruzuku. La kwanza ni kurekodi mahojiano na mafundi wazee, kwa lugha wanayofanyia kazi, wakiwa na kipuri mkononi, kwa kuwa wengi hukumbuka kwa mikono kabla ya mdomo. La pili ni kupiga picha na kupima vipuri vilivyotengenezwa hapa kabla havijatupwa kwa jina la uasili. Lankensperger alipata angalau mstari mmoja katika historia ya usukani baada ya jina la Ackermann. Aliyekereza bushi ya Katwe hajapata hata huo, na wa kumwandikia ni sisi tunaoweza bado kwenda kumuuliza.